Neno Moja Badala ya Sentensi

Mwaka wa pili tangu mimi na binti yangu tufike Sydney, nilianza kujifunza Kiingereza kwa kitabu ambacho sehemu yake kubwa sikuweza kuisoma. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu. Ya kwanza ilikuwa sentensi ya Kiingereza inayoeleza mtu au jambo fulani. Ya pili, neno moja la Kiingereza la kusimama badala ya sentensi nzima. Ya tatu ilikuwa maana yake kwa Kihindi, na mbele ya safu hiyo nilikuwa kipofu. Kitabu kilikuwa cha jirani yangu, mama wa Kihindi wa mlango wa pili. Yeye aliisoma safu ya tatu kwa sauti nzuri ya mtu aliyekaa darasani, lakini zile mbili za kwanza zilimshinda.

Tulikuwa tunakaa Granville, kwenye jengo la matofali mekundu lenye ghorofa tatu, nyuma ya gereji za kunyoosha bodi za magari. Mchana kutwa tulisikia nyundo, na treni zikipita tulinyamaza hadi zimalize. Nilitoka kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, nikiwa mjane. Kwetu ni Burundi, lakini Kiswahili nilichokipata kambini ndicho nilichofanyia kazi maisha yangu yote ya utu uzima. Miaka saba nilikuwa mhudumu wa afya pale. Nilipima watoto uzito, nilichanganya maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha, nilipita nyumba kwa nyumba nikiwafundisha kina mama dalili za hatari. Nikimwona mtu anakuja kasi na mtoto mgongoni, nilijua kabla hajafungua mdomo.

Sydney nilipata kazi kwenye nyumba ya wazee. Niliogesha, nililisha, nilibadilisha mashuka. Kazi hiyo sikuidharau hata siku moja, ila nilitaka kusomea uuguzi, na kuingia kwenye kozi kulihitaji kufaulu mtihani wa Kiingereza. Nilikuwa nimeshaufeli mara moja. Mwalimu wetu wa jioni aliniambia kwa upole kwamba nia ninayo, kinachonipungukia ni msamiati.

"Maneno yako ni machache," alisema. "Unazunguka sana kufika kwenye jambo."

Hilo neno "unazunguka" liliniuma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Kwa Kiswahili nilikuwa mtu wa kusema jambo likaeleweka mara moja.

Yule mama nilikutana naye kwenye kamba za nguo, uani. Alikuwa na miaka kama sitini na tano, mfupi, amevaa sari ya pamba iliyochujuka rangi na makubazi ya mpira, na mjukuu wa kike wa mwaka mmoja na nusu kiunoni. Aliletwa kutoka India ili amlee huyo mtoto wakati mwanawe na mke wa mwanawe wapo kazini. Siku ile mfuko wangu ulikuwa chini, na karatasi za mazoezi ya mtihani zilikuwa zimechomoza. Akainama, akazitazama, akanikabidhi mtoto bila kuuliza, akapanda ngazi. Aliporudi alikuwa na kitabu chenye jalada la njano lililobandikwa karatasi ya gundi.

"Mwanangu wa mwisho," aliniambia kwa Kiingereza chake cha vipande vipande. "India. Mtihani. Kazi ya serikali. Sasa wewe, mimi."

Ndivyo tulivyoanza. Jumanne na Alhamisi nilitoka kazini saa nane mchana, na binti yangu alirudi shule karibu na saa kumi. Muda huo wa katikati ulikuwa wetu. Alikuja kwangu yeye, kwa sababu fleti yao ilielekea magharibi na mchana ilikuwa tanuri, na mimi nilikuwa na feni. Mtoto alicheza na vifuniko vya sufuria zangu kwenye zulia au alilala kwenye kochi. Sikuwahi kumuuliza kama mwanawe anajua kwamba siku hizo mbili mtoto hashindi kwao. Mpaka leo swali hilo ninajiuliza mwenyewe.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: mimi nasoma sentensi ya Kiingereza na neno lake, naye anasoma maana ya Kihindi, kisha ananiigizia. Aliweza kuigiza. Kwa mtu anayetembea usingizini alinyoosha mikono akagonga friji. Kwa mwandiko usiosomeka alichukua orodha yangu ya sokoni, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaigeuza juu chini, akanirudishia akitikisa kichwa. Neno lenyewe lilikuwa "illegible", na tangu siku hiyo sikulisahau, wala sikupata mahali pa kulitumia.

Wakati mwingine safu ya tatu ilinifungukia yenyewe. Alisoma "kitab" nikaruka kitini. Alisema "dunia", akasema "dawa", nikamwambia hayo ni maneno yangu, na yeye akasema hapana, ni yake, tukacheka hadi mtoto akaamka. Nilimwita Mama. Yeye aliniita "beti", yaani binti. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na ilikuwa muda mrefu hakuna aliyeniita hivyo.

Alhamisi moja tulifika kwenye mwanamke aliyefiwa na mume. Mimi nikasoma "widow". Yeye akasoma "vidhwa", na hakuigiza kitu. Alipitisha kidole kwenye njia ya nywele zake, kuanzia kwenye paji la uso kurudi nyuma, mahali ambapo wanawake wao walioolewa hupaka rangi nyekundu. Pale hapakuwa na rangi. Kisha akajionyesha kifuani. Nami nikajionyesha kifuani. Treni ikapita. Halafu akalamba kidole akafungua ukurasa.

Kulikuwa na ukurasa mwingine wa wauaji. Anayemuua baba yake, neno moja. Anayemuua mama yake, neno moja. Anayemuua ndugu yake, mtoto wake, mfalme wake, yeye mwenyewe, wote wamepewa neno, wamepangwa kwenye mstari. Nilisoma la kwanza na la pili, na la tatu nikaliacha. Mambo hayo nyumbani tuliyaona, na hatukuwa na haja ya kuyatafutia majina. Mama alinitazama usoni, hakusoma Kihindi chake. Alishika kurasa mbili pamoja akazifunua kwa mkupuo mmoja.

Kazini nilikuwa na rafiki mmoja wa Kikenya, muuguzi kamili, aliyenifundisha mambo mengi ya pale. Siku moja alinikuta chumba cha chai nikikariri kwenye kijikaratasi.

"Dada, haya ni madude gani?" akaniuliza akikisoma. "Mimi niko hapa miaka nane na sijawahi sikia mtu akiongea hivi. Unataka kuongea na nani?"

"Mtahini."

"Mtahini atashtuka! Wee jifunze tu maneno ya kawaida. Mambo madogo madogo. Ndio yatakusaidia."

Nilicheka, lakini sikumsikiliza. Maneno madogo nilidhani ninayo.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja, siku ya joto lile la Sydney la magharibi linalokuja na upepo kama wa mdomo wa jiko. Mama alifika na mtoto begani, ameshalala. Akamlaza kwenye kochi. Tulipokuwa tunafungua kitabu akamgusa kichwani, akageuka kwangu akasema neno: "Bukhar." Aliligusa tena paji la mtoto akarudia, "Bukhar, beti."

Sikulijua neno hilo. Nilitazama dirishani, kwenye lile jua, nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani anasema joto. Nikasogeza feni ielekee kwa mtoto, nikafungua ukurasa.

"Bukhar" ni homa. Niliambiwa baadaye siku hiyo hiyo, na mtu mwingine. Kitabu chetu hakikuwa na neno hilo popote, kwa kuwa kilikuwa kitabu cha maneno makubwa, na homa haihitaji sentensi nzima kuielezea.

Kitabuni tulikuwa tumefika kwenye jambo lisiloweza kuepukika. Mama ameshika mlango anaigiza mtu anayezuia kitu kwa mabega, kitu kinaingia tu. Nikasikia kochi likigonga ukuta. Mtoto alikuwa amekakamaa. Macho yamepanda juu, weupe peke yake unaonekana, mikono na miguu inatupwa kwa mpigo mmoja, na mate yanatoka pembeni mwa mdomo.

"Degedege," nikasema.

Nililisema kwa sauti. Neno moja, na ndani yake kulikuwa na kila kitu: homa iliyopanda ghafla, mwili unaorushwa, umri wa mtoto, na kwamba mara nyingi hupita baada ya dakika chache. Kambini nilishashika watoto wengi wa namna hiyo. Nilishabishana na bibi zao waliotaka kuwapeleka kwa mganga kwa kuwa walisema ni mdudu wa angani. Nilijua la kufanya, na mikono yangu ilifanya. Nilimlaza kwenye zulia kwa ubavu, nikamvua gauni, nikasogeza sufuria mbali na kichwa chake, nikafuta mate.

Mama alipiga kelele kwa Kihindi. Akakimbilia mlangoni, akachukua kiatu changu cha kazini, akapiga magoti na kutaka kukibana kwenye pua ya mtoto. Kwao ndivyo wanavyofanya, nilikuja kujua. Humnusisha kiatu mtu aliyeshikwa hivyo. Mimi niliona tu kiatu kinakuja kuziba pumzi. Nikamsukuma mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, akaangukia matako. Alinitazama. Mwanamke niliyemwita Mama, nimemsukuma, na sikuwa na neno hata moja la kumwambia kwa nini.

Nikavuta simu ya mezani kwa waya wake nikapiga namba ya dharura. Nilisema ambulensi, nikasema mtoto, nikasema mtaa na namba ya jengo. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mtulivu. Akaniuliza "cross street" iliyo karibu ni ipi. Anataka barabara inayokatiza na yetu, lakini mimi neno "cross" nilikuwa nalijua kanisani tu, msalaba. Nikamwambia ndiyo, kuna kanisa, liko karibu na stesheni. Akarudia swali polepole. Nikarudia kanisa.

Akaacha. Akauliza kama mtoto anapumua. Hilo nililijua, nikasema ndiyo. Kisha akauliza, "Is she fitting?"

"Fit" nililijua pia. Ni nguo inapokukaa sawasawa. Nilimtazama mtoto pale chini amebaki na nepi, gauni liko pembeni. Sikuelewa anauliza nini kuhusu nguo. Nikafikiri pengine anauliza kama nguo zinambana.

"No," nikasema. "No fit."

Yeye alikuwa amenipa neno. Ndilo nililokuwa nalitafuta, ndilo hasa, degedege kwa Kiingereza chao cha kila siku, herufi tatu tu. Nikalikataa. Kichwani nilikuwa na mtembea usingizini, na mwandiko usiosomeka, na wauaji wote wa ukurasa ule, na maneno hayo yakawa yananijia moja baada ya jingine, mimi nikiyasukuma ili nipate nafasi ya kufikiri. Nikaweka simu chini bila kuikata, nikarudi kumshika mtoto. Sauti iliendelea kuita kwenye zulia, "Hello? Hello?"

Mtoto akalegea baada ya muda ambao saa ya ukutani ilisema ni dakika tatu. Akavuta pumzi ndefu, akalala. Mama alikuja kwa magoti akauchukua mguu wake mdogo, akaushikilia tu.

Ambulensi ilikuja. Sijui ilichelewa au ilikuja kwa wakati wake. Kila nikijaribu kuhesabu, hesabu inabadilika. Wahudumu walikuwa wapole. Nilionyesha vidole vitatu nikasema dakika, nao wakaelewa. Mama aliondoka nao, mtoto mikononi, miguu yake mitupu. Makubazi yake yalibaki mlangoni kwangu. Niliyapanga vizuri, nikaona haitoshi, nikayaosha, nikayaanika.

Jioni mwanawe aligonga mlango kuniambia kwamba mtoto hajambo, wamemweka hospitali aangaliwe. Alinishukuru. Alikuwa kijana wa heshima, na aliongea akitazama pembeni yangu, ndani, kwenye zulia na kochi, kama anayepima umbali kutoka kwao mpaka pale.

Jumamosi alikuja mkewe. Hakukaa. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala, na alizungumza haraka, Kiingereza cha ofisini. Nilimfuata kwa shida. Nilipata kwamba anauliza mtoto alikuwa na homa tangu lini, na kwamba mama mkwe anasema maneno yasiyoeleweka, mara joto, mara kiatu. Kisha akaniuliza kitu ambacho nilikielewa chote, kwa kuwa alikisema polepole.

"Angeweza kuzuia?"

Ndani yangu jibu lilikuwa tayari, kwa Kiswahili safi. Nilitaka kumwambia: mama mkwe wako asingeweza kuzuia, hakuna mtu angeweza, degedege haipigi hodi, nimewaona watoto wakishikwa wakiwa kwenye mizani ya zahanati mbele ya daktari. Na kama kuna wa kulaumiwa, aliniambia homa nami nikaitikia. Yote hayo nilitaka kuyasema. Lakini nilishafundishwa kwamba ninazunguka. Nikafanya kama kitabu kilivyonizoesha, nikatafuta neno moja la kubeba sentensi. Asiyeweza. Asingeweza. Nikalipata, nikalitamka vizuri, kila silabi mahali pake.

"She is incapable."

Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyepata uthibitisho wa jambo.

"Ndiyo," akasema. "Hata mimi nimemwambia hivyo mume wangu."

Akanishika mkono, akaondoka. Nilifunga mlango nikiwa na nafuu kwamba kwa mara ya kwanza nimeeleweka. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na nne, alikuwa kasimama kwenye mlango wa chumba. Siku hizo nikimsemesha Kiswahili alinijibu Kiingereza, lakini safari hii alijitahidi.

"Mama, unajua umemwambia nini?"

"Nimemwambia asingeweza kuzuia."

"Hapana. Umemwambia hawezi. Hafai. Kwamba yule bibi hana uwezo wa... wa kulea mtoto."

Nilitoka bila viatu. Mlango wao ulikuwa umefungwa. Niligonga, akafungua yule mwanamume. Nikaanza: samahani, neno langu baya, si hivyo, mama yako mzuri, mama yako mzuri sana. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema amenisikia, asante, mke wake amechoka, labda siku nyingine. Nyuma yake niliona sari imepita kutoka jikoni kwenda chumbani. Hakugeuka kunitazama. Nafikiri hakujua kwamba ni mimi.

Jumatatu kazini nilimweleza yule rafiki yangu. Nilipofika kwenye swali la nguo alijifunika uso kwa mikono.

"Dada, fitting ni degedege. Wanasema hivyo kila siku. Si hata Bwana wa chumba cha sita ako nayo? Tunaandika kwenye faili yake!"

Na kweli. Nilishalisikia likisemwa juu ya kitanda cha yule mzee, mara nyingi. Lilikuwa masikioni mwangu muda wote, na saa ile halikuja.

Tukaandika barua pamoja, yeye akiandika, mimi nikisema. Tulieleza kwamba hali hii huwapata watoto wengi wadogo wenye homa, kwamba huja ghafla, kwamba bibi aligundua homa mapema akaniambia, na mimi ndiye sikumwelewa. Tuliandika kwamba lile neno nililitumia vibaya. Ilikuwa barua nzuri, ya ukurasa mmoja, sentensi ndefu zilizokamilika. Niliipeleka mwenyewe. Mwanamume aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Aliisoma mara mbili, nikaona midomo yake inacheza kidogo.

"Daktari ametuambia hivyo hivyo," akasema. "Si kosa la mtu."

"Basi, Mama atabaki, hamtamrudisha India?"

Alikunja barua, akaikunja tena.

"Tumeshakata tiketi," akasema. "Si kwa ajili ya hilo tu. Hapa amekuwa mpweke. Ni bora kwake."

Mpweke. Nilitaka kumuuliza alijuaje, na kama aliwahi kumuuliza mwenyewe. Nilitaka kumwambia kuhusu Jumanne na Alhamisi. Lakini hizo Jumanne na Alhamisi ndizo zilizomfikisha pale. Nilisema tu "okay", neno ninaloliweza kuliko yote.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili, baada ya sisi kurudi kanisani. Mama alikuja mlangoni kwangu na kile kitabu, amekifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Alikiweka mikononi mwangu, akaibana mikono yangu juu yake.

"Wewe, mtihani," akasema. "Pasi."

Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikitafuta namna ya kumwomba radhi. Kihindi nilichokuwa nacho kilikuwa ni mjane, dawa, dunia, mtu asiyekula nyama. Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa njoo, kaa, kula, imekwisha. Katika hivyo vyote hapakuwa na mahali pa kuweka jambo langu. Nilianza kwa Kiingereza, akatikisa kichwa kwamba haelewi. Basi nikasema kwa Kiswahili. Nilimwambia yote, pale mlangoni, kuhusu homa, kuhusu kumsukuma, kuhusu lile neno na jinsi lilivyopokelewa. Nililia. Yeye aliniangalia midomo kwa makini, kama tulivyozoea, akingoja nimalize ili aigize. Nilipomaliza alinifuta shavu kwa upindo wa sari, akasema, "Finish, beti. Finish." Mwanawe akaita kutoka chini kwamba gari linasubiri.

Hakujua nimemwambia nini. Alidhani nalia kwa sababu anaondoka, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mtihani niliufanya tena mwezi wa tatu, nikaufeli kwa nusu alama, sehemu ya kuzungumza. Mtahini aliniuliza nimweleze mtu ninayemheshimu. Nilianza vizuri, kisha nikasimama katikati, kila neno nililolishika nikaliogopa. Niliufaulu mwaka uliofuata, kwa maneno madogo madogo ya yule rafiki yangu. Nikasoma, nikawa muuguzi.

Kati ya hiyo mitihani miwili kuna jambo ambalo sikulitegemea. Kituo cha watoto walichompatia hakikuwa na nafasi siku ya Alhamisi. Yule mke alikuja akaniuliza kama naweza kukaa na mtoto, mchana huo mmoja tu, mpaka atoke kazini. Alisema wananiamini, kwamba siku ile mimi ndiye niliyejua la kufanya. Nilisimama nikitafuta neno la kukataa lisilokuwa na matusi, na la kukubali lisilokuwa na aibu. Sikulipata lolote. Akachukulia kimya changu kuwa ni ndiyo.

Mtoto alikuwa ameanza kusema. Alipoingia kwangu mara ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye kochi, akatazama nyuma yake, akaenda jikoni, akarudi. "Dadi?" aliniuliza. Ndivyo alivyomwita bibi yake. Nilimpa vifuniko vya sufuria. Alhamisi iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata pia, na halafu hakuuliza.

Jioni moja mama yake alipokuja kumchukua alikuwa na simu ya mkononi sikioni, anaongea Kihindi, na kadi ya kupigia simu nje ya nchi bado iko mkononi. Alisikiliza, akanitazama kwa mshangao kidogo.

"Ni mama mkwe," akasema. "Anataka kuongea na wewe."

Akanipa simu. Sauti ilikuja kwa kelele, kama kila mtu aongeavyo na mtu wa mbali. "Beti!" Kisha akaanza. Hakusema njoo wala kaa wala kula. Aliongea Kihindi, sentensi ndefu zisizo na mwisho, zikipanda na kushuka. Mara alicheka. Mara sauti yake ikawa ndogo, akawa kama anaeleza jambo hatua kwa hatua, akilirudia pale ambapo alihisi halijanifika. Pengine walishamwambia nilichosema, na alikuwa ananiuliza kwa nini. Pengine alikuwa ananisamehe. Pengine alikuwa anauliza mtoto anakula nini, au ananihadithia kuhusu mvua. Nilimtazama mke wa mwanawe ili anisaidie, lakini alikuwa ameinama anamvalisha mtoto viatu, na nilikosa ujasiri wa kumwomba, kwa kuhofia kitakachokuwemo.

Basi nikaitikia. Kila aliponyamaza nilisema, "Haan, Mama. Haan." Ndiyo, Mama. Ndiyo. Na yeye akaendelea kuniambia, hadi sauti ya mashine ikaingia kati kutangaza kwamba kadi imekwisha.